Biri Isiyowashwa

Kiwanda kilipofunguliwa asubuhi, Bilamoto alikuwa wa kwanza kuingia chumba cha wasomaji, na biri yake ilikuwa tayari imelala kwenye shavu la kushoto, imelivimbisha kidogo kama mtoto aliyeficha peremende. Ilikuwa ile sigara nene ya majani matupu ya tumbaku yaliyoviringishwa, unene wa kidole gumba. Kila biri aliikata vipande vitatu kwa kisu cha karatasi: cha asubuhi, cha mchana na cha jioni. Hakukiwasha hata kimoja.

Kiwandani hakuna aliyeshangaa, maana mahali pa kuchapa vitabu pana karatasi kila kona na makopo ya mafuta ya kusafishia mitambo, na mwenye kuwasha kiberiti humo anataka kuwaunguza wenzake. Lakini Bilamoto hakuiwasha hata nje ya geti. Hakuiwasha njiani wala nyumbani. Miaka kumi na minne alitafuna tu, ndiyo maana wakambatiza jina hilo.

Kazi yake ilikuwa kusoma kwa sauti. Kabla kitabu hakijachapwa, yeye alishika kurasa alizoandika mwandishi, na mbele yake aliketi Mama Kalamu, mwenye peni nyekundu, akifuatisha kwenye karatasi ya majaribio. Bilamoto alisoma kila kitu, hata alama. Vitabu vya hesabu, fomu za mahakama, vikaratasi vya dawa, vyote vilipita kinywani mwake. "Herufi kubwa, meza vidonge viwili, mkato, mara tatu kwa siku, nukta, aya mpya." Ukurasa ukiisha, biri ilirudi shavuni, Mama Kalamu akanyoosha mgongo.

Vijana wa mitambo walimtania. "Huyu akiposa tutamsikia mpaka huku: nakupenda, mkato, mpenzi, alama ya mshangao!"

"Nyinyi mkiposa," alijibu, "mtaandikiwa barua ya kukataliwa, na nitaisahihisha mimi."

Mkewe alikuwa ameondoka mtoto wao wa kike akiwa na miaka minne, akaolewa mbali. Hatutamsema hapa, kwa kuwa hayupo kujitetea. Bilamoto alibaki na mtoto katika vyumba viwili nyuma ya duka la mabati, na dada yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, akikaa mtaa wa pili. Mwalimu alikuwa mwanamke mnyoofu kama rula. Hakukopa sukari, hakuchelewa, hakusema uongo hata wa kumfurahisha mgonjwa. Kaka yake alimheshimu na kumwogopa kidogo, kama ilivyokuwa kwa mtaa mzima.

Siku hizo Bilamoto alivuta biri zake kama watu wengine, ndani ya chumba ambamo mtoto alilala. Mtoto alikuwa na pumu. Alipofika miaka tisa, siku moja mchana pumzi ilimkatika, midomo ikageuka rangi, baba akambeba mgongoni mbio mpaka zahanati. Mganga wa zahanati hakuzungusha maneno. "Mzee, mtoto wako anavuta kila unachovuta wewe. Chagua."

Bilamoto alichagua siku ileile. Mtoto, akiwa bado kitandani, alichana karatasi ya daftari na kuandika mkataba kwa penseli: Baba hatawasha biri tena, ndani wala nje, mchana wala usiku. Baba akatoa peni nyekundu, akasahihisha herufi mbili zilizopinda, akatia sahihi.

Mwalimu alikuwa amesimama kando. "Ongeza hapo: wala hataitia kinywani."

"Dada," alisema Bilamoto, "msahihishaji huondoa makosa ya mwandishi. Hamwongezei maneno. Kazi ingekuwa hiyo, vitabu vyote nchini vingekuwa vyangu."

Mtoto alicheka mpaka akakohoa. "Iache hivyohivyo, Shangazi. Mwandishi ni mimi."

Wakacheka wote watatu, na Mwalimu akaliacha jambo lipite. Hapo ndipo kosa lilipoingia, na liliingia likiwa limevaa nguo za ushindi. Watu wengi hupima ubaya kwa moshi wake. Kinachomfukiza jirani tunakikemea, na kinachomla mwenyewe kimyakimya tunakiita tabia yake. Mwalimu alimpigia kaka yake mfano mbele ya wanafunzi: mtu aliyeacha kuvuta kwa siku moja, kwa ajili ya mwanawe. Ilikuwa kweli. Biri za kutafuna alizigombeza kwa sababu moja tu, madoa ya kahawia kwenye leso na kwenye kola za mashati. Alizigombeza kwa uchafu.

Mtoto akakua. Pumu ikatulia. Alimaliza shule, akaajiriwa katika duka la miwani, akajifunza kukata vioo na kuvikalisha kwenye fremu. Mshahara wake wa kwanza hakununua viatu wala simu. Alikuja na kisanduku cha mbao chembamba, ndani yake biri zimepangwa kama askari kwenye gwaride, nzuri kuliko zozote alizowahi kujinunulia baba yake.

"Baba, wewe ulinipa pumzi," alisema. "Chukua na wewe chako."

Bilamoto alitoka nje kidogo, akajifanya anaangalia mvua kama inakuja. Tangu siku hiyo kila mwisho wa mwezi kisanduku kilifika. Ilipita miaka mitatu.

Kisha siku moja, saa ya chakula cha mchana, Mama Kalamu alifika shuleni na kumwita Mwalimu getini.

"Mwalimu, kaka yako amehamisha biri."

"Ameihamishia wapi?"

"Shavu la kulia."

Mwalimu alimtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyekuja na kisingizio kipya. "Umeacha kazi, umetembea juani, kuja kuniambia hilo?"

"Shoga yangu, nimekaa mbele ya uso ule miaka kumi na sita. Naujua kuliko uso wa mume wangu, maana mume wangu hulala kanigeuzia mgongo. Biri hukaa kushoto. Sasa iko kulia, na akinywa chai anainamisha kichwa kama kuku. Nimemuuliza, anasema ni jino."

"Basi ni jino."

"Jino gani la miezi minane?"

Jioni hiyo Mwalimu alimkuta kaka yake katika stoo ya karatasi, akihesabu marobota. Hakumsalimu.

"Fungua kinywa."

"Dada, mimi si mwanafunzi wako."

"Ungekuwa mwanafunzi wangu ungekuwa umeshafungua."

Alimvuta mpaka dirishani. Bilamoto akafungua, kidogo, kisha zaidi. Ndani ya shavu la kushoto palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifungo cha shati, cheupe kandokando, chekundu katikati, na kingo zake zilikuwa ngumu kama sugu ya kisigino. Harufu ilimfanya Mwalimu arudi nyuma hatua moja, kisha akaona aibu kwa hatua hiyo.

"Tangu lini?"

"Inakaribia mwaka."

"Na daktari amesema nini?"

"Sijaenda."

"Kesho asubuhi nakuja kukuchukua."

Bilamoto alikaa juu ya robota. "Nisikilize kwanza. Nikienda, daktari ataniuliza natafuna nini. Nitamjibu. Atasema ndicho kilichonila. Halafu mtoto atajua. Na nani ananinunulia, Dada? Ni nani?"

Mwalimu aliusukuma mlango wa stoo ukafungika.

"Mtoto huyu ameniletea ugonjwa huu ameufunga kwa utepe," alisema Bilamoto. "Mimi kufa naweza. Kumwambia hilo siwezi."

Wakati huo binti alikuwa mji mwingine, kwenye mafunzo ya kupima macho. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki saba. Akifaulu angeacha kukata vioo, angekuwa mpimaji kamili.

"Akijua leo atatupa vitabu aje," alisema Bilamoto. "Unamjua. Niachie wiki saba. Kidonda kimevumilia mwaka, kitashindwa wiki saba? Akirudi na cheti mkononi, nitakwenda mwenyewe kwa miguu yangu, na nitatafuta namna ya kumweleza. Sikuombi useme uongo, Dada. Nakuomba usiseme kitu."

Kama kaka yake angemwomba uongo, Mwalimu angekataa palepale, na huenda mambo yote yangekwenda njia nyingine. Lakini aliombwa kunyamaza tu, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kunyamaza ni dhambi. Alimwekea masharti: aache kutafuna kuanzia saa hiyo, asukutue kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, na siku ya kwanza baada ya mtihani waende hospitali. Bilamoto akakubali yote. Akayatimiza wiki zote saba, isipokuwa la mwisho.

Kila Ijumaa binti alipiga simu. "Shangazi, Baba hajambo? Sauti yake kama ina mafua."

"Anakwenda kazini kila siku."

"Anakula?"

"Jana nilimpelekea chakula, akakipokea."

Kila neno lilikuwa kweli. Anayepanga maneno ya kweli ili mwenzake aamini jambo lisilo la kweli amedanganya, na amedanganya kwa ustadi zaidi ya mwongo wa kawaida. Mwalimu alilijua hilo. Kila Ijumaa, akishaweka simu, alikwenda kunawa mikono.

Binti alirudi Jumamosi, adhuhuri, cheti kikiwa ndani ya bahasha na furaha imemjaa mpaka mabegani. Mwalimu alikuwa amepika. Bilamoto alikula vijiko vichache vya mchuzi, akasema ameshiba kwa kumwona mpimaji macho wa kwanza katika ukoo.

"Basi mpimaji amekuletea kitu," alisema binti, akafungua mkoba na kutoa kisanduku. "Huko kuna duka wanaziagiza kutoka mbali. Hizi si zile ulizozoea. Chagua moja, Baba, nikuone."

Bilamoto alimtazama dada yake. Kisha akachagua moja, akaikata ncha, akaitia kinywani. Hakuiweka kulia. Binti alikuwa ameketi mbele yake, anamtazama, na labda Bilamoto alitaka mtoto wake aone limevimba shavu lilelile alilolizoea tangu utotoni. Akaisukuma kushoto, akaibana kwa meno.

"Tamu?"

"Tamu, Mama," alisema. Machozi yalimtoka jicho moja.

"Ona, analia!" Binti alicheka, akampiga baba yake begani. "Ningejua ningeleta viwili."

Mwalimu aliweka sahani chini. "Itoe."

"Dada, tafadhali."

"Itoe kinywani! Nimesema itoe!"

Alikuwa hajawahi kupiga kelele katika nyumba ile. Binti aligeuka akidhani Shangazi amepandwa na wazimu wa kuchukia tumbaku. "Shangazi, si moshi huu. Hajaiwasha. Kwani leo imekuwaje?"

Bilamoto aliitoa. Majani ya biri yalikuwa yamelowa, na mate yaliyoyalowesha yalikuwa mekundu. Binti aliichukua mkononi mwa baba yake, akaitazama kwa makini, kama alivyofundishwa kutazama jicho la mgonjwa. Halafu akainuka, akamshika kidevu baba yake, akakielekeza kwenye mwanga. Safari hii Bilamoto alifungua bila kuambiwa.

Jumatatu walikuwa hospitali watatu. Kipande kidogo cha nyama kikakatwa na kupelekwa kupimwa, na baada ya siku tisa wakaitwa. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alisema ni saratani, imetoka shavuni imeingia kwenye taya na inaelekea kwenye ulimi. Ingebidi kukata.

"Mzee, umetafuna tumbaku muda gani?"

"Miaka kumi na minne."

"Unaipata wapi?" Daktari alikuwa na fomu mbele yake, anauliza kama anavyouliza umri na makazi.

"Najinunulia mwenyewe," alisema Bilamoto. "Zote. Mtoto wangu alikuwa ananikataza, mimi nikawa mkaidi."

Mwalimu aliinamisha uso. Alikuwa hajawahi kumsikia kaka yake akidanganya, tangu utoto wao.

"Si kweli, Daktari," alisema binti. "Nanunua mimi. Kila mwisho wa mwezi, tangu mshahara wangu wa kwanza. Andika hivyo."

Daktari hakuandika. Aliweka kalamu chini, akaeleza taratibu kwamba ugonjwa wa namna hii hujengwa na miaka mingi, na kati ya ile kumi na minne, kumi na mmoja ilikuwa ya baba peke yake. Binti alisikiliza kwa adabu. "Biri za mwanzo ni zake," alisema. "Za mwisho zangu."

Binti alipokwenda na baba yake kuchukua dawa, Mwalimu alibaki nyuma, akamfuata daktari kwenye korido. Alimweleza habari za wiki saba, bila kujitetea. "Nataka kujua. Angekuja siku ile nilipokiona kidonda, ingekuwaje?"

"Unataka nikufariji au nikuambie?"

"Niambie."

"Ningekata vilevile, Mwalimu. Pengine pungufu kidogo. Ugonjwa huu ulikwishaingia kwenye taya zamani. Si wiki saba zilizomfikisha kaka yako hapa."

Walimkata. Walitoa sehemu ya taya na sehemu ya ulimi, na sauti iliyokuwa imesoma vitabu vya mji mzima ikabaki mlio wa kooni. Kiwanda kilimpa barua ya kumshukuru, iliyoandikwa vizuri, na Mama Kalamu akaileta mwenyewe. Alikuja kila Alhamisi na kurasa za majaribio chini ya kwapa. Aliketi kando ya kitanda, akasoma yeye kwa sauti, na kila mkato, na kila nukta, na Bilamoto alifuatisha kwa macho kwenye karatasi. Alipoona kosa aliinua kidole. "Haya, liko wapi? Mimi sijaliona. Lo! Mtu huyu hata akiwa kitandani ananitia aibu." Hayo yalimchekesha, ingawa kicheko kilimuuma.

Kwa binti yake alijaribu kila njia. Alimshika mkono, akatikisa kichwa, akajipiga kifuani kwa kidole: mimi, mimi. Aliandika kwenye karatasi, na binti alisoma, akaikunja, akasema, "Sawa, Baba." Usiku binti hakulala. Chakula alikigusa akakiacha. Mwalimu alimsikia mara nyingi jikoni, peke yake, akisema sentensi moja kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekariri: "Nilimlisha mimi."

Bilamoto alifariki mwezi wa kumi na moja tangu upasuaji, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mtoto wake. Jambo moja alilolitaka, kwamba mtoto asiubebe mzigo ule, hakulipata.

Wiki mbili baada ya mazishi Mwalimu alikwenda kumtazama binti. Alimkuta amekaa kwenye kiti cha baba yake na nguo alizovaa juzi. Alikuwa amekonda mpaka mifupa ya shingo inahesabika. Kazini walikuwa wamemtumia ujumbe mara tatu, naye hakujibu. Mwalimu alifungua dirisha, akachemsha chai, akakaa.

Binti alizungumza bila kugeuka. "Shangazi, Mama Kalamu alinisimulia jana. Alidhani najua. Alikuja kwako getini, na wewe ukaenda kumwona Baba siku ileile."

"Ndiyo."

"Ulikiona kidonda."

"Nilikiona."

"Wiki saba kabla sijarudi. Na kila Ijumaa nilikupigia."

"Kila Ijumaa."

Binti aliinuka. Mara ya kwanza tangu mazishi, mgongo wake ulikuwa umenyooka na uso una damu. "Wewe! Wewe uliyetuchapa kwa kusema tumepiga mswaki na hatujapiga! Nilimnunulia sumu kwa kuwa sikujua. Wewe ulijua. Ningekuja siku ileile, ningemtia kwenye gari kwa nguvu, angekuwa hai, angekuwa na ulimi wake. Biri ni zangu, sikatai. Lakini wiki saba ni zako, Shangazi. Hizo zimemuua, na ni zako!"

Maneno ya daktari yalikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Mwalimu. Yalikuwa kweli, na yalimsafisha. Sentensi moja tu ingetosha, na yeye alikuwa mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kusema kweli inapotakiwa. Alimtazama mtoto wa kaka yake. Aliona mikono imekunjwa ngumi, macho yanawaka, kifua kinapanda na kushuka. Akiondolewa wiki saba, angebaki na visanduku vyake peke yake, na angerudi kwenye kile kiti.

"Ndiyo," alisema Mwalimu. "Ni zangu."

Binti alisubiri kama mtu aliyejiandaa kwa ugomvi akakuta mlango wazi. Akaenda chumbani, akabadilisha nguo, akachukua mkoba, akatoka kwenda kazini bila kuaga. Chai yake alikuwa ameinywa nusu.

Mwaka umepita. Mwalimu hajamwambia. Kuna anayeweza kusema amedanganya tena, na Mwalimu hana haki ya kubishana naye, kwa sababu safari hii alijua jina la kitu anachokifanya. Mwisho wa mwezi binti hupita, husimama mlangoni, husema shikamoo, huuliza habari za afya kwa sauti ya mtu anayetimiza wajibu. Hakai. Mwalimu huitikia, humshukuru, halafu hukaa dirishani na kumtazama akishuka mtaa. Binti amerudisha mwili. Juzi alipita na mwenzake wa kazini, wanazungumza, na alipofika kwenye kona alicheka.